Kiuno Nilichompa Fundi

Jana usiku niliota nimeingia ndani ya kiuno changu mwenyewe. Nilivua kandambili mlangoni, kwa heshima.

Ndani kuna ukumbi. Seli changa zimepanga foleni, zinasubiri kuapishwa ziwe seli za mafuta. Mezani amekaa Manjano, kile kiungo cha jikoni, amevaa koti la maabara, anazikatalia moja moja.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeninywa vikombe sita kwa siku?"

"Ndiyo, mzee. Pamoja na tangawizi na majani ya mlonge. Nilisoma kwamba mnazuia seli za mafuta zisizaliwe."

"Ulisoma mpaka mwisho?"

Mimi ninayejisifu kwa kusoma, nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu.

"Kule maabara walinimwaga juu ya seli, moja kwa moja, kwenye kisahani," anasema. "Wewe unanipitisha tumboni, unanikabidhi kwa ini, nafika hapa nimebaki harufu. Haya, una shida gani?"

Namweleza. Jumamosi dada yangu Nakijwa anaolewa, na mimi ndiye msimamizi wake. Fundi Mwasiti anakata gauni langu leo asubuhi, na kitambaa kile kilikuwa cha mwisho dukani. Nilimpa kiuno cha sentimita sabini.

"Chako ni ngapi?"

"Themanini na nne."

"Sasa hicho cha sabini ni cha nani?"

"Changu. Cha Jumamosi."

Foleni nzima inacheka. Manjano anavua miwani, anafuta machozi.

"Basi waondoe wale," namsihi. Nyuma, kwenye makochi, zimekaa seli nene, zinakula.

"Mimi nazuia wanaoingia. Wale ni wenyeji."

"Tutoke twende wapi, mwanangu?" inauliza seli moja nene, bila kuacha kutafuna. "Ulinileta mwenyewe, mwaka wa pili wa stashahada. Chipsi mayai kila jioni. Ukitubania chakula tutasinyaa, lakini hatuhami. Na hatusinyai kwa siku nne."

Mara ukumbi ni kibanda cha fundi. Mkasi umesimama juu ya kitambaa changu, mdomo wazi.

"Nakata sabini," unasema.

"Subiri!"

"Nisubiri ngapi?"

Kwenye vikao vya harusi mimi ndiye ninayewasahihisha watu Kiswahili, tena bila kuombwa. Leo namba moja tu inanishinda kuitamka.

"Sema tu, mwanangu," seli nene zinanibembeleza. "Sisi tunaijua."

Mkasi unaanza kufumba mdomo.

"Themanini na nne!" napiga kelele. "Na ukiweka nafasi ya pilau, themanini na sita!"

Seli zikapiga vigelegele. Nikaamka.

Simu ilikuwa mkononi mwangu, imepata moto, na ujumbe wa sauti ulikwisha kwenda kwa fundi. Fundi Mwasiti alikuwa ameniandikia: "Sawa, mdogo wangu, nimekata themanini na sita. Lakini hao akina mama wanaopiga vigelegele nyuma yako alfajiri yote hii ni akina nani? Harusi si Jumamosi?"