Makofi ya Beu

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Syauswa aliinama kufunga kamba za kiatu mbele ya duka la misumari, katika komini ya Mususa, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, na makofi yakapigwa. Mwenye duka hakuinua kichwa. Alikuwa akimpimia fundi misumari ya mabati. Alisubiri kelele zipungue, kisha akaendelea kupima. Hapakuwa na mtu yeyote aliyepiga makofi hayo. Yalikuwa yakimfuata Syauswa hewani, hatua chache nyuma ya kisogo chake, tangu mwaka uliotangulia, na mtaa ulikuwa umeyazoea kama unavyozoea mbwa wa jirani.

Hata mpangilio wake ulijulikana. Yalianza upande wa kulia, makofi mazito ya mtu mmoja mwenye saa ya chuma iliyolegea mkononi na kugongagonga. Yakafuata ya viti vya mbele, halafu ya umati, na mwishoni wanafunzi wakapiga ban, ile ya midundo mitatu wanayofundishwa shuleni kwa ajili ya wageni. Kulikuwa pia na mzee mmoja ambaye daima alichelewa, akamalizia peke yake. Syauswa alimaliza kufunga kiatu, akanyanyuka, akainamisha kichwa kidogo kushukuru.

Alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, na alipenda kuitwa Maître, yaani gwiji. Kazi zake ziligawanyika mafungu mawili: michezo mifupi, ambayo ilichezwa, na michezo mirefu, ambayo haikuchezwa. Mifupi iliagizwa na mashirika, kila yalipofika na magari yao meupe na jambo jipya la kuwafundisha watu. Aliandika "Nawa Mikono, Shemeji". Aliandika "Choo Chetu, Heshima Yetu", ambamo waigizaji wote wanatoka chooni wakicheka. Aliandika juu ya chandarua, chanjo, kura, na kuishi vizuri na jirani. Ukibadilisha ugonjwa, mchezo ulikuwa ule ule: mjinga anakataa, mwerevu anamfundisha, mjinga anakubali, wote wanaimba. Mjinga alikuwa mkulima kila mara. Mwerevu alichezwa na Syauswa.

Michezo mirefu aliisifu sana, na watu walimwamini kwa kuwa hawakuiona. Mmoja ulimhusu mfalme Sulemani, nao paroko aliukataa baada ya mwigizaji wa Sulemani kuzimia katikati ya hotuba yake wakati wa mazoezi. Mwingine ulikuwa wa mapenzi kati ya madaktari wawili, kwa Kifaransa, na madaktari hao waliongea juu ya mwezi hadi mgonjwa akafa. Wa tatu tu, "Asubuhi ya Mulekera", ndio uliokuwa na maana, na sababu ni kwamba sentensi yake moja haikutoka kichwani mwa Syauswa.

Sentensi hiyo ilikuwa ya Nadège, mwigizaji wa kundi lake. Zamani Nadège aliishi Beni, katika komini ya Mulekera, akilima maharagwe na mume wake Kamate. Asubuhi moja wao na majirani waliwaona watu wenye silaha, wasiowajua, wakikatiza pembeni mwa mashamba. Wakaenda kwenye posti ya askari kutoa habari. Mkuu wa posti, Mukendi, aliyekuwa ametumwa huko kutoka mkoa mwingine, alikuwa akinywa chai. Aliwaambia warudi kulima, kwani mvua ilikuwa karibu. Wakarudi. Mchana wa siku hiyo Kamate aliuawa shambani pamoja na majirani wengi, na mvua haikunyesha.

Nadège alihamia Butembo kwa dada yake, akaingia katika kundi la Syauswa. Alimsimulia yote, akaomba kitu kimoja tu: maneno yake yasemwe hadharani, na Mukendi awe amekaa mahali anapoweza kuyasikia. Syauswa alilia machozi ya kweli siku ile. Machozi yake yalikuwa karibu, kama ya watu wengi wasiofanya lolote baada ya kulia. Akaiandika sentensi ilivyo na kumpa Nadège aiseme mwenyewe:

"Tulikuya kubaambia asubui, mukatuambia turudie ku mashamba."

Nafasi ilipatikana huko Beu, komini nyingine ya Beni, kwenye sherehe ya wakubwa. Syauswa aliufupisha mchezo wake mrefu ukawa wa robo saa. Mtu wa protokoli, aliyepanga sherehe, alimuuliza swali moja tu, kama mchezo ni mrefu. Hakuna aliyemwomba aondoe chochote. Lakini Syauswa alichungulia pembeni mwa pazia, akaviona viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, akamwona Mukendi, ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo, akijifuta jasho kwa leso, na roho yake ikaanza kupiga magoti kabla ya miguu.

"Mama Nadège," alisema, "ile phrase tuiache kidogo. Leo kuko bakubwa."

"Njo bale bakubwa nilikuya kuambia," Nadège alisema.

"Siku ingine. Unikalie hapa."

Akatoka yeye mwenyewe jukwaani, akiwa mnyampara wa kijiji, akawashukuru walinzi wa mipaka ya mashamba kwa macho yao yasiyolala. Mukendi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, na wanafunzi, na yule mzee. Sherehe ikaisha, viti vikapakiwa kwenye lori, watu wakaenda kunywa. Makofi hayakwenda. Yaliingia pamoja na Syauswa kwenye gari la kurudi Butembo, yakashuka naye nyumbani, yakampokea alipomega tonge la bukari.

Mtu mwingine angeona haya. Syauswa aliona kwamba hatimaye haki yake imetendeka. Alijifunza kunyamaza katikati ya maneno ili yapate nafasi. Kwenye kilio cha shangazi yake, alipoweka udongo kaburini, makofi yalipigwa pamoja na ban, na wafiwa wakasubiri yaishe ndipo wakaendelea kulia. Paroko alimwomba akae nje wakati wa misa, karibu na baiskeli. Mke wake, Solange, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alisema jambo hilo mara moja tu.

"Ukikohoa banapiga. Ukijamba banapiga. Ile makofi haina macho."

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini angalau debe huhitaji mtu wa kuligonga.

Ndipo ikaja jubile. Butembo inapenda jubile: ya mapadre, ya ndoa, ya shule, hata ya duka la sementi. Eliezer, mfanyabiashara wa sementi na rafiki wa sanaa, aliunda kamati ya jubile ya fedha ya Maître Syauswa, miaka ishirini na mitano ya uandishi. Vitambaa vya kikwembe vilichapishwa vyenye uso wake ndani ya duara, na kwa kuwa kikwembe hukatwa kufuata mwili wa mvaaji, uso huo ulitazamiwa kukaa mahali popote. Kungekuwa na misa ya shukrani, chakula, na alasiri, katika ukumbi wa parokia, "Asubuhi ya Mulekera" ungechezwa kwa mara ya kwanza mzima, matendo yake matatu. Wakubwa wa Beni walialikwa. Mukendi alijibu kwamba atakuja.

Nadège alianza mazoezi bila furaha na bila kuchelewa. Shida ilionekana wiki ya kwanza. Maneno ya waigizaji wengine makofi yaliyaacha yapite, labda kwa sababu hayakuwa na uzito. Lakini Nadège alipofika kwenye sentensi yake, yalishuka kwa nguvu, saa ya chuma ikitangulia, na sauti yake ikazama. Alijaribu kwa sauti kubwa. Alijaribu taratibu. Alijaribu kuyavizia, akaisema kabla ya wakati wake. Yalimkuta. Aliitambua ile saa. Aliiona mkononi mwa Mukendi asubuhi ile ya chai.

Siku moja Syauswa alibanwa na tumbo, akaenda chooni, nyuma ya ukumbi. Makofi yalikwenda naye. Yakasikika kule uani, yakipiga kwa moyo wote, na ndani ya ukumbi kukawa kimya. Nadège akasema sentensi yake. Fundi aliyekuwa akitengeneza mabenchi aliweka nyundo chini. Joyeuse, mwigizaji mwenzake, alikaa sakafuni akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, kwani naye alikuwa na watu wake Mulekera.

Jioni hiyo Nadège alikwenda nyumbani kwa Syauswa. Solange alimpa kiti na maziwa.

"Papa Syauswa," Nadège alisema, "ile siku ubakie hapa. Kama uko mbali, makofi itabakia na weye, na sisi batatusikia."

"Mama, ni jubile yangu."

"Misa utaenda. Chakula utakula. Mais ku théâtre, usikuye. Saa moja tu."

Makofi yalipiga, kwa kuwa Syauswa alikuwa amekuna sikio. Walisubiri.

"Sijakuombaka kitu ingine," Nadège alisema.

Syauswa alimtazama, machozi yakamjaa tena, akaweka mkono kifuani. "Nitabakia. Naapa mbele ya bibi yangu." Solange, aliyekuwa akichambua maharagwe, alitupa jiwe dogo nje ya ungo.

Siku ya jubile misa ilikwenda vizuri, mwenye jubile akiwa nje na baiskeli. Alikula kuku. Halafu, kama alivyoahidi, akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa sebuleni amevaa suti ya kikwembe chenye uso wake kifuani, mgongoni na kwenye goti la kushoto. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya kilima. Makofi yalikuwa naye chumbani, yakipiga kila alipogeuza shingo. Mtu angesema yanamtosha. Lakini aliwaza kwamba kule watu wanautazama uso wake mapajani mwa wenzao, ilhali yeye mwenyewe hawamwoni. Aliwaza kwamba mchezo ukipendwa, watamtafuta mtu wa kumpongeza, na wasipomwona watampongeza Nadège.

"Naenda kuchungulia tu," alimwambia Solange.

"Kuchungulia na ile makofi yote?"

Alikuwa amekwisha kupanda pikipiki.

Ukumbini mchezo ulikuwa katika tendo la tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Syauswa watu walikuwa wakiusikiliza mchezo wake. Akina mama wa Beni waliokuja kwa lori walikuwa wamesimama kando ya ukuta, na hakuna aliyekuwa akitafuna kitu. Mukendi alikaa safu ya mbele, mikono juu ya magoti. Nadège alisimama akiwa na jembe la kweli, lile lile aliloondoka nalo Mulekera. Alishuka ngazi ya jukwaa, akaenda hadi mbele ya kiti cha Mukendi, akafungua mdomo.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Makofi yaliingia kwanza, Syauswa akafuata.

Watu waligeuka. Walipomwona mwenye jubile amesimama mlangoni, amejaa nyuso zake, walifanya kinachofanywa: wakasimama, wakapiga makofi na wao, juu ya yale mengine. Ni adabu. Nadège alisema sentensi yake. Midomo ilionekana ikienda. Aliisema tena, na tena, na Mukendi, aliyekuwa karibu kiasi cha kuguswa na jembe, alimtikisia kichwa kwa upole kama anayekubali, akaanza kupiga makofi yeye pia, na saa yake ikagongana na saa ile nyingine.

Syauswa alipita katikati ya watu hadi jukwaani. Akainama. Eliezer alimkabidhi diploma ya sifa. Akainama tena. Joyeuse alitema mate sakafuni, lakini jambo hilo pia halikusikika.

Baadaye, nje, alimfuata Nadège aliyekuwa akifunga jembe lake ndani ya gunia.

"Nilitaka tu kuona kama batu banapenda," alisema.

"Banapenda," Nadège alisema.

Joyeuse na wenzake walipoomba mchezo urudiwe siku nyingine, kamati ilijibu kwamba mchezo umekwisha kuchezwa, tena mzima, tena mbele ya wahusika. Hilo lilikuwa kweli. Syauswa alipewa cheo cha mshauri wa utamaduni kule Beni, chenye kiti cha kitambaa cheupe. Kazi yake ni kuhudhuria sherehe. Wakubwa wanapenda kuhutubia akiwa karibu, kwani hawahitaji tena kukusanya wanafunzi, na hotuba haiulizwi maswali. Michezo haandiki tena. Kwa upande huo tu, nchi imepata nafuu.

Nadège alirudi Mulekera, kwenye shamba la Kamate, kwa sababu maharagwe ya kununua yalikuwa yamemchosha na Butembo pia. Katika majira ya kupalilia, yeye na majirani zake waliwaona watu wenye silaha, wasiowajua, wakikatiza pembeni mwa mashamba. Waliacha magugu yalivyo wakaenda kwenye posti.

Askari wa zamu alikuwa peke yake. Upepo ulitoka upande wa Beu, na makofi yalisikika yote: saa ya chuma, viti vya mbele, umati, wanafunzi.

"Tuko tunakuya kubaambia," Nadège alisema. "Kuko batu banapita kule chini."

"Mama, ba chefs boko ku cérémonie," askari alisema, akiweka kiganja nyuma ya sikio. "Murudie tu ku mashamba."

Nadège alisubiri yule mzee wa mwisho amalize kupiga, ili aseme tena. Akatazama jua. Ilikuwa bado asubuhi.