Kumgeuza Mama

Mimi na mdogo wangu tunaongea kupitia kwa mama, na mama tangu apigwe na kiharusi hasemi kitu. Hebu fikiria maongezi yenyewe.

"Mama, mwambie binti yako ashike miguu."

"Mama, mwambie dada nimeshashika."

Chumba ni kimoja. Kati ya kitanda na ukuta pana nafasi ya mtu mmoja, tena asiwe na tumbo. Mama hageuzwi na mtu mmoja, na asipogeuzwa ngozi inachubuka inakuwa kidonda. Kwa hiyo siwezi kuondoka, na yule siwezi kumfukuza. Nikiinua macho, uso wake huo hapo. Jamani, nilichoka!

Daktari aliponiambia sitazaa, nilimwambia mtu mmoja tu, yeye. Naye akampelekea mchumba wangu habari hiyo ikiwa moto moto. Eti alidhani mchumba tayari anajua. Alidhani! Uchumba ukafa, nikabaki na kitambaa cha gauni.

Kanisani naimba mpaka mishipa inanitoka. Ila tukisali nyumbani, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, napatwa na kikohozi. Mungu ananiona, najua ananiona, na bado nakohoa.

Jumamosi tulikuwa tunamsogeza mama juu kwenye mto. Aliyeshika upande wa mabega ndiye anayesema "haya", ndipo wote mnavuta shuka kwa pamoja. Mabega nilikuwa nayo mimi. Sikusema. Siku hiyo hata kupitia kwa mama sikutaka kumsemesha. Nikavuta peke yangu, mama akaja upande wangu, akaniporomokea kifuani. Tukabanwa wote wawili ukutani, shingo yake imepinda, pumzi inakwaruza. Miguu yake bado ilikuwa kitandani, mikononi mwa mdogo wangu.

"Dada, siioni shingo! Nikivuta vibaya namuumiza. Niambie nifanye nini. Niambie mimi!"

Nikafungua mdomo, neno halitoki. Mama anakosa hewa, na mimi bado naringa! Hapo nilijiogopa. Bwana Yesu, nitoe humu, nikaomba kimoyomoyo, na sikuwa nazungumzia ukuta.

"Mdogo wangu," nikasema, sauti imekauka. "Panda kitandani. Mshike kiunoni. Shingo ninayo mimi. Haya, sasa!"

Tukamrudisha. Tukamlaza vizuri mpaka pumzi ikatulia. Mdogo wangu akakaa chini akalia kwa kwikwi.

"Nilikuwa najua mchumba wako hajui," akasema. "Nilikuonea wivu, dada. Nisamehe."

Hasira ikanipanda upya. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kutoka, nami ningeweza kumwambia atoke. Nikatoka pale ukutani nikakaa naye sakafuni.

"Hasira ninayo, sikudanganyi," nikamwambia. "Lakini nimekusamehe. Na kesho nikiamka nayo, nitakusamehe tena. Usiondoke."