Motokari Juu ya Mabega

Mpunga wa Alimasi ulikuwa umeiva, na Alimasi mwenyewe alikuwa barabarani. Hebu fikiria! Kapita mzima, mkubwa wa kijiji, pamoja na kila mwenye mikono, mume kwa mke, wanashindilia udongo wa njia ya Kasongo kwenda Kabambare, ili motokari moja ya mzungu mmoja ipite siku ikijisikia. Wao wenyewe walikatazwa kuikanyaga wakienda shamba, eti nyayo zinaiharibu. Walipita porini kando yake, miiba ikiwachoma, na barabara imelala tupu, imefagiliwa safi.

"Baba Heri," mkewe Nuru alimwambia asubuhi ile, wala hakuwa akibembeleza, "ndege wanamaliza mpunga. Watoto utawapa nini? Utawachemshia udongo?"

"Nifanye nini, mama? Nikiacha kazi, Bwana atanilaza chini nipigwe fimbo."

"Basi mwenye motokari atengeneze njia ya motokari!"

Alimasi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Adhuhuri motokari ikaja. Bwana Administrateri, mzungu mwenyewe, amekaa nyuma na kofia yake kubwa. Théophile, dereva wa Kasongo, ameshika usukani. Ilipofika bondeni ikakohoa, ikazama matopeni mpaka magurudumu hayaonekani.

"Kapita!" Bwana akafoka. "Barabara hii iko mubaya! Iko ya nani?"

"Ya motokari, Bwana."

"Hapana! Iko yenu! Serikali ya Bula Matari imewapa ninyi!"

"Aksanti, Bwana. Lakini sisi hatujapita humo hata siku moja."

Bwana akawa mwekundu, akaamuru wanaume wasukume. Wakasukuma wee, motokari haitikisiki. Hapo Alimasi akakumbuka kipoyi, kile kiti cha miti ambacho zamani wazungu walibebwa juu ya mabega ya watu. Sheria ya kipoyi aliijua vizuri: aliyekibeba hapelekwi kazi ya barabara.

Akawaita wanaume, wakakata miti mirefu, wakaipitisha chini ya motokari. Bwana alikataa kushuka, hataki kuchafua viatu. "Haya jamani, kwa pamoja!" Motokari ikapanda mabegani, na Bwana wake ndani. Théophile naye hakuacha kazi yake: kila kona akazungusha usukani, na penye mlima akabadilisha gia.

Walipotoka bondeni, Alimasi akasema huku jasho likimwingia machoni, "Bwana, kitu kinachokwenda kwa miguu ya watu si kipoyi hicho?"

Bwana akafikiri. Tangu atoke Kasongo, sasa ndipo kiuno kilipoacha kumuuma.

"Ndiyo. Iko kipoyi."

"Na mubeba kipoyi hafanyi kazi ya barabara."

"Hafanyi. Sheria iko sheria."

Jamani, furaha aliyoipata Alimasi! Alitaka kucheza pale pale na mti wake begani. "Basi tuitue, Bwana, twende tukavune mpunga."

"Kutua?" Bwana akashangaa kwelikweli. "Kipoyi hakituliwi njiani. Twende Kabambare."

"Lakini Bwana, mpunga! Wake zetu basi, waache waende kuvuna."

"Wamebeba kipoyi, wao?"

"Hapana, Bwana."

"Basi wao barabara."

Nuru alikuwa ameinama na jembe lake kando ya njia, akayasikia yote. Alimtazama mumewe mara moja tu, kisha akaendelea kulima mtaro.

Njia ilipita ukingoni mwa shamba la Alimasi. Kutoka pale aliwaona ndege wakishuka kundi zima, mpunga ukiinama kwa uzito wao. Mikono alikuwa nayo, lakini yote miwili imeshika mti. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Haa! Haa! Tokeni! Haa!"

Bwana akadhani ni wimbo wa wabeba kipoyi. Akafurahi sana, akamwambia Théophile aitikie kwa honi. Ndege hata hawakuinua vichwa.