Jirani Halisi, Siyo Nakala

Jana usiku ndoto ilinichukua kabla sijamaliza hata kujifunika blanketi, ikanipeleka moja kwa moja ofisi ya ardhi. Wenzangu wakiota wanaruka angani. Mimi napangwa foleni.

Lakini sababu ninayo. Mama yangu anaishi kwangu hapa Mbeya tangu magoti yamshinde, na analala sebuleni, kwenye godoro, kati ya kochi na televisheni. Nataka kumjengea chumba uani. Kibali sijapata, maombi yamerudishwa kwa kuwa viambatisho havijakamilika. Na juzi mama ametamka, huku akichambua mchele, kwamba mwezi huu ukiisha bila hata msingi kuchimbwa, anarudi zake Tukuyu. Tukuyu hakuna mtu. Kuna nyumba na kufuli. Nikilifikiria hilo roho inaniuma.

Basi, ndotoni ofisi ya ardhi iko jikoni kwangu. Sishangai. Nyuma ya meza ameketi Muhuri, muhuri wa mbao mwenye miwani, ameloweka miguu kwenye pedi ya wino kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Subilaga," ananiambia, "michoro umeleta?"

"Nimeleta."

"Ifungue."

Naitandaza mezani. Ndani ya mchoro, kwenye chumba cha mama, mama mwenyewe ameshahamia. Ana ukubwa wa punje ya harage, ameketi kitandani, kanga begani.

"Mama, umeingiaje humo?"

"Kwa mlango," anasema mama. "Na huo mlango wenyewe ukifunguka unagonga kitanda. Nani amekuchorea?"

"Fundi Ambwene."

"Mwambie aje alale humu siku moja, ndipo achore."

Muhuri anaandika: mlango ugeuzwe. Halafu anakunja uso. "Kaskazini iko wapi? Mchoro huu hauna kaskazini."

"Nilidhani inajulikana iko wapi."

"Kanuni inasema iwepo. Kailete."

Natoka kuitafuta. Nje si uani kwangu tena, ni sokoni kwenye viazi, na Kaskazini ameketi juu ya gunia. Ni mzee mwembamba, amevaa sweta, amenuna.

"Ninyi mkinichora mnanichora mshale," ananiambia. "Mimi mtu mzima mwenye familia."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, sasa tunaweza kwenda."

Tunarudi. Anapanda mezani, anajibanza kwenye kona ya juu ya karatasi. Mama anampungia mkono kutoka kitandani na kumuuliza habari za huko juu. Anasema ni baridi.

"Bado jirani," anasema Muhuri.

Hapo ndipo pagumu, hata usingizini. Chumba cha mama kitakaa karibu na mpaka, kwa hiyo anatakiwa jirani wa upande huo aseme kwa maandishi kwamba hana pingamizi. Jirani wa upande huo ni Mama Ambakisye. Na mimi na Mama Ambakisye hatuongei.

Ana mparachichi uliosimama jirani na michongoma inayotutenga, na matunda yanadondokea kwangu. Kilichodondoka kwangu ni changu, nilisema hivyo mwaka jana na bado nasema. Yeye akamwambia kuku wake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba siku hizi mikono ya watu imerefuka. Nami nikamwambia mbwa wangu kwamba kuna watu wanahesabu matunda kama vile waliyaumba wao. Tangu siku hiyo yeye husema na kuku, mimi husema na mbwa, na ujumbe hufika.

Nikaona njia ya mkato ni kumtoa kopi. Mashine ya steshenari ikajisogeza yenyewe hadi kwenye michongoma, ikamulika, ikatema Mama Ambakisye wa pili. Alikuwa wa kijivu, na mstari mweusi umempita kutoka paji la uso hadi kidevuni, maana wino wa mashine ulikuwa unaisha.

"Shikamoo, dada," ile nakala ikaniamkia. Mimi, ambaye Mama Ambakisye kwa umri angeweza kunizaa na kunibeba mgongoni.

Muhuri akaitazama. "Una pingamizi lolote?"

"Sina pingamizi."

"Akijenga ghorofa?"

"Sina pingamizi."

"Akiijenga juu ya paa lako?"

"Sina pingamizi."

Muhuri akavua miwani. "Hii nakala."

"Imethibitishwa na wakili," nikasema.

"Jirani hana tabia hizi. Tunataka halisi, aje na pingamizi zake."

"Subi," mama akaniita kutoka kwenye mchoro. "Unaenda, au niendelee?"

Nikainama kutazama. Pembeni ya kitanda kulikuwa na begi dogo kama punje ya mchele, na alikuwa ameshalijaza nusu. Nikatoka mbio.

Kwenye michongoma nawakuta mbwa wangu na kuku wake wamekaa pamoja.

"Mwambie bosi wa huyu kuku nina shida naye," namwambia mbwa.

"Leo hatupeleki," anasema mbwa.

"Tumechoka," anasema kuku. "Mwaka mzima tunasemwa kwa mambo yasiyotuhusu. Mimi na huyu hatuna ugomvi wowote."

Nazunguka hadi mlangoni. Neno lenyewe nimelisema maisha yangu yote, leo limegoma. Nalisukuma, linatoka.

"Hodi."

"Karibu," anajibu Mama Ambakisye. Yuko jikoni, ana rangi zake zote, usoni hana mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

Nikamweleza. Nilikusudia kueleza kiofisi, kwa mpangilio, lakini nilipofika kwenye begi la mama machozi yakanitoka na mpangilio ukafia hapo. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia kwamba mama akirudi kule ataamka asubuhi na hakuna wa kumwambia habari za asubuhi.

Mama Ambakisye akafuta mikono kwenye kitenge. "Haya yote ulikuwa unamwambia mbwa?"

"Ndiyo."

"Mbwa anatia saini?"

"Hapana."

"Mimi nina pingamizi," akasema.

Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

"Dirisha umelielekeza barabarani. Mama wa watu ataangalia nini huko, pikipiki? Ligeuze lije huku kwangu, tuwe tunaongea. Watoto wangu wote wameondoka, Subilaga. Unadhani naongea na kuku kwa kupenda?"

"Sina pingamizi," nikasema.

"Chai anakunywa ya namna gani?"

"Ya tangawizi nyingi. Sukari hatumii."

"Haya, twende."

Tukarudi ofisini. Kwa kuwa kanuni inasema jirani aambatishwe, Mama Ambakisye akavua kandambili, akapanda kwenye kiti, akaingia ndani ya mchoro. Mama akasogea kumpisha nafasi kitandani. Sasa punje za harage ni mbili, zinajadili magoti, na Kaskazini anachangia kutoka kwenye kona yake ingawa hakuna aliyemuuliza. Begi limesukumwa mvunguni.

Muhuri anatoa miguu kwenye wino. Anapiga hatua nyuma, anaruka juu kabisa, anaanza kushuka, na naona atatua juu yao wote wawili. Nikapiga kelele.

Kelele hiyo ndiyo iliyoniamsha. Kumeshakucha. Nikaenda sebuleni. Godoro limekunjwa, blanketi limekunjwa juu yake, na mama hayupo. Nikakimbilia uani na nguo ya kulalia.

Mama yuko kwenye kigoda karibu na michongoma, anaota jua. Mkononi ameshika kikombe cha maua mekundu. Mimi sina kikombe cha maua.

"Mama, chai umeitoa wapi? Jiko sijawasha."

"Jirani yako ameipitisha hapa kwenye michongoma," akasema. Akapuliza, akanywa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ameitia tangawizi ya kutosha, na sukari hajaweka. Ulimwambia lini?"

Nikaingia ndani, nikabadilisha nguo, nikachukua michoro kabatini. Kisha nikazunguka kwa barabarani hadi mlangoni kwa Mama Ambakisye, nikapiga hodi kwa mdomo wangu mwenyewe.