Kadi Iliyofuliwa na Nguo za Msiba

Mashine ya Kaswera ya kusoma kadi ilikuwa na kiburi. Kadi safi iliisoma papo hapo, ti! Kadi chakavu iliinyamazia, na mwenyewe akarudi mikono mitupu. Ndiyo ilikuwa sheria pale Beni walipogawiwa chakula wakimbizi wa vita: mashine isiposoma mistari ya kadi, hakuna bunga la ugali, hakuna maharagi.

Mama Agar wa Mbau alifungua ncha ya kikwembe alichojifunga akatoa kadi ya familia. Mistari ilikuwa imefifia, haionekani vizuri hata kwa macho. Mashine ikanyamaza.

"Ilipata nini hii kadi, mama?"

"Niliifula. Kwetu, kisha kuzika, tunafulaka kila kitu yenye marehemu alivaa. Ilikuwa mu koti yake. Sikuangalia mu mifuko."

Masikini! Nani angekumbuka mifuko, na mume kauawa shambani? Wajukuu walikuwa wamelala njaa, wakimngoja.

Kaswera akamgeukia mkubwa wake wa kazi, Étienne, aliyetumwa kutoka Kinshasa. "Chef, niruhusu nibadilishe réglage ya mashine. Niongeze mwanga, nipunguze ukali."

"Ukipunguza ukali itasoma namna yoyote. Juzi ilipatia mutu jina ya mwingine."

"Ni kwa hii kadi moja tu. Kisha narudisha."

Étienne alitazama foleni, akamtazama mama. "Haya, fanya. Lakini angalia vizuri sura yenye itatokea."

Kaswera akabonyeza, akainamisha mashine, akaisogeza polepole. Kimya. Akasogeza tena. Ti!

Kwenye skrini ikatokea sura ya mwanamume mwenye ndevu za mvi, na jina: Delphin, mkubwa wa familia.

"Ni bwana yangu," Agar alisema. Picha zao zote ziliungua na nyumba. Kaswera akapapasa mfuko wake, atafute simu ya kuipiga picha ile sura, lakini simu zote zilikuwa zimebaki kwa askari wa mlangoni.

Étienne alivua kofia. "Pole sana, mama. Kadi ya marehemu haitoe chakula. Lazima tumufute mu mashine, jina na sura, tuandike jina yako."

Agar aliinama karibu na kioo, kama anayemwamsha mtu.

"Baba Kavuo, bwana yangu, unisamehe. Bajukuu bako na njaa."

Kisha akamwambia Kaswera, "Mufute."