Moto wa Uji wa Zamda

Tumbo la mke wangu Zamda lilikuwa halishushi chakula. Ugali wa jioni unakaa humo mpaka asubuhi, kisha anautapika vilevile ulivyoingia. Nikampeleka Tabora mjini kwa treni kutoka Tura. Tabibu akasema vidonge vya kulisukuma tumbo havipo, serikali haijaleta, ila iko njia: uji mwepesi wa moto, kidogo kidogo kutwa nzima, na akishakunywa asilale, atembee.

Kwetu kwa zamani, kando ya njia ya misafara, hilo lisingekuwa neno. Nyumba zilikuwa mbalimbali. Lakini wakubwa walikwisha kutuhamishia kijiji kipya, vibanda vya nyasi mstari mmoja, paa linagusa paa. Upepo wa kiangazi ulipoanza, wakakataza kuwasha moto mchana. Wametubananisha wao, halafu moto wanauogopa wao.

Nikamfuata mwenyekiti wetu, Ngollo.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba moto mdogo tu. Wa uji wa mgonjwa."

"Apikiwe alfajiri, anywe mchana."

"Ukipoa unaganda. Tumboni unamkalia kama udongo."

"Kwani mkeo mtoto mchanga, Ndugu Mabruki, anyonye kila saa?"

Watu waliokaa naye wakacheka.

"Na hiyo sigara yako mchana huu, inawaka kwa maji?"

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka.

Nikawasha hivyohivyo, nyuma ya kibanda. Zamda akanywa, akatembea mpaka kisimani na kurudi, uji ukashuka. Akaanza kupata nguvu, hata akanisema kwamba uji wangu una madonge kama wa jeshini. Kisha wakaja mgambo, Ngollo mbele. Wakayamwagia maji mafiga, sufuria wakaondoka nayo.

Nikainuka na mpini wa jembe.

"Waache, Baba Swaumu," akasema Zamda. "Ukifungwa, nani atanizika?"

Tukarudi kwenye uji wa baridi. Ukawa hauendi. Mvua hazikumkuta.

Siku ya mazishi, natoka makaburini, naona moshi uani kwangu, jua la utosi. Masufuria makubwa ya wali wa waombolezaji, na Ngollo mwenyewe anachochea kuni.

"Upepo umekwisha?" nikamuuliza.

"Msiba ni msiba, mzee wangu. Kaa ule."

Nilikuwa nimechoka. Nikakaa, nikala.