Programu Iliyopenda Majina

Mimi ndiye niliyewaambia wanafunzi watoe majina. Naanza hapo kwa sababu ripoti niliyoiandika ina kurasa kumi na nane na majedwali ya kupendeza, lakini sentensi hiyo haimo.

Mwaka huu chuo chetu, hapa Lubumbashi, kilipewa programu ya kompyuta ya kufundisha Kiingereza. Waliotupatia ni wafadhili ambao mkurugenzi wetu, Bwana Godefroid, aliwaita "marafiki" akaishia hapo. Mimi ni Marie-Thérèse Kasonde, assistante, yaani mhadhiri msaidizi, wa Kiingereza kwa mwaka wa kumi na moja bila kupanda cheo, maana sijui kuwachekea wakubwa. Nikapewa kazi ya kuitathmini: wanafunzi ishirini na wanne, wiki sita, mtihani mwanzoni na mwingine mwishoni, kisha niseme kama inafaa. Nilitaka ripoti yangu ing'ae. Sina haya kulisema.

Programu ilikuwa na sauti ya mwanamke mpole asiyechoka, na wanafunzi wakaibatiza Tantine, yaani shangazi. Tantine anauliza, mwanafunzi anajibu kwa mdomo, Tantine anatoa alama juu ya mia. Wiki ya kwanza aliuliza unasoma nini na unapenda chakula gani. Wiki ya pili akaingia majumbani: unakaa wapi, na nani, baba anafanya kazi gani, Jumapili nani huja kwenu. Vitabu vyote vya lugha huuliza hayo, nami nimeyafundisha miaka yote. Sikushtuka.

Wiki ya tatu niliketi kusikiliza rekodi na kuzilinganisha na alama. Kangwa alikuwa amezungumza Kiingereza safi kabisa, ila hakutaja mtu wala mahali. Alipata hamsini na nane. Keren, ambaye Kiingereza chake kinachechemea miguu yote miwili, alitaja dada zake wanne, mtaa wake, kanisa lake na jina la chef de quartier, mkuu wa mtaa. Themanini na sita! Nikajaribu mwenyewe. Nilisema upuuzi mtupu uliojaa majina, nikapewa tisini na moja.

Mtathmini mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wa ghala. Kesho yake nikasimama mbele ya darasa.

"Musikie. Tantine anapenda majina. Muntu, fasi anakaa, siku, saa. Usiseme 'jirani yetu', sema anaitwa nani. Museme bintu ya kweli."

Alama zikapanda. Bwana Godefroid akanipigia simu kunipongeza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipofiwa na mama.

Kulikuwa na shida moja tu. Kompyuta zilikuwa kumi, umeme ulikatika kila siku, na asiyemaliza zoezi la siku aliandikiwa sifuri. Basi wanafunzi wakafanya kama wanavyofanya katika kazi zote za vitendo: mwenye mdomo mwepesi anawasemea wenzake. Kwetu huo si wizi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na anayekataa kumsaidia mwenzake huitwa mchoyo hadi siku ya diploma. Mwenye mdomo mwepesi alikuwa Falonne Musonda, msichana wa Annexe, kule mashambani pembezoni mwa mji, mkulima binti wa mkulima. Aliingia kwa namba yake, akamaliza, kisha akaingia kwa namba za wenzake wanne. Nilimwona. Nikageuza uso dirishani, maana jedwali lenye sifuri nyingi halipendezi.

Alhamisi ya wiki ya tano, mmoja wa hao wanne, kijana aitwaye Mumba, alinifuata ofisini macho yamevimba.

"Madame, balikamata papa yangu."

"Nani balimukamata?"

"Sijue. Gari nyeusi, haina plaque ya namba. Balimukuta jana saa sita ya midi ku mashini yake ya kushona. Bakamuuliza, ba-documents ya mashamba iko wapi? Bakasema, bantu banakutanaka kwako kila dimanche kisha misa. Madame, papa hana hata shamba. Hana hata kipande ya kupanda sombe!"

Hakuna asiyejua habari za mashamba yale ya Annexe. Kuna watu waliokuja kupigilia vigingi vyekundu katikati ya mahindi, na wenye mashamba wakagoma kuhama. Ilisemwa wamempa mzee mmoja hati zao zote azitunze. Mzee gani, hakuna aliyesema, na kwa miezi minane vigingi vilikaa bila kazi.

Nilifunga mlango, nikafungua rekodi za namba ya Mumba. Sauti ilikuwa ya Falonne. Alisema kwa Kiingereza kizuri kwamba baba yake anatunza hati za mashamba arobaini, kwamba wenyewe hukutana nyumbani kwao Jumapili baada ya misa, uani, na kwamba baba anawapa moyo. Alitaja kanisa. Alitaja saa. Jina la baba hakulitaja, na programu haikulihitaji, kwa kuwa mbele ya namba ile palikuwa na jina la baba yake Mumba tangu siku ya kuandikishwa. Alama: tisini na sita, ya juu kuliko zote.

Nilimwita Falonne. Aliposikia sauti yake mwenyewe alikaa chini sakafuni.

"Nilichoka kubuni, Madame. Bantu bane, hadisi ine, kila siku! Ile siku ku namba ya Mumba nikasema tu mambo ya kwetu. Ni weye ulisema tuseme bintu ya kweli."

Mdomo uliponza kichwa, lakini mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha fundi cherehani.

Ijumaa akaja Paluku, fundi wa programu, kijana wa wafanyabiashara wa Butembo, mtu wa heshima zake. Aliniletea fomu ya mwisho ya tathmini. Hakunitazama.

"Mama, miye niko mutu wa mashini tu. Lakini angalia ile swali ya mwisho. Mwanzo haikukuwa. Bameiongeza jana."

Swali lilikuwa hili: je, kila mwanafunzi alizungumza kwa sauti yake mwenyewe chini ya namba yake? Ndiyo au Hapana. Fomu ilitakiwa Jumatatu saa sita mchana.

Nikiandika Ndiyo, baba yake Mumba anabaki huko aliko, akiulizwa asiyoyajua. Nikiandika Hapana, watamtafuta mwenye sauti. Nililia kwa hasira, kwanza juu yao, kisha juu yangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Annexe na Falonne. Baba yake, Mzee Musonda, alikuwa akipandishia udongo matuta ya viazi vitamu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu ufunguo wa ghala hadi swali la mwisho. Aliacha jembe.

"Ule papa ya Mumba iko na batoto ngapi?"

"Sita, papa."

"Andika Hapana." Akafuta mikono. "Lakini uandike lundi, midi. Usiandike mbele ya ile saa."

"Ndiyo, papa."

"Na weye, Madame, bale balikufundisha, balikuambia unaweza kutaja jina ya muntu kwa kintu hakina macho? Hata mutoto wa miaka tano, mugeni akimuuliza papa yako iko wapi, anauliza kwanza: weye ni nani?"

Aliniambia kwa ukali mbele ya binti yake, nami niliustahili ukali huo wote.

Jumatatu saa sita kasoro dakika tano niliandika Hapana. Niliambatanisha ukurasa mmoja kueleza kwamba programu hii haipimi Kiingereza bali inalipa alama kwa habari za watu. Bwana Godefroid aliuchana mbele yangu, taratibu, vipande vinne.

"Ile haiko kazi yako, Marie-Thérèse. Balikutuma upime Kiingereza."

Wakati huo nyumba ya Musonda ilikuwa imefungwa, na familia iko njiani kila mtu kivyake, mzee na hati zake upande usiojulikana hata kwa mke wake. Jumatano baba yake Mumba alirudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, na fundi cherehani bila vidole hivyo ni fundi nusu, lakini alirudi. Darasa lilipiga makofi, nami nikapiga. Nilidhani tumewashinda.

Falonne aliniandikia mara moja kutoka Kolwezi kwa namba mpya ya simu. Alijiita kwa jina la mama yake, akitafuta kazi ya mapokezi. Nilimjibu ajitunze, asizungumze na watu hovyo. Nilikuwa nikiwaza watu.

Miezi miwili baadaye, mchana, nikiwa mezani na bukari yangu, Paluku alinipigia.

"Mama, uko peke yako?"

"Sema."

"Ule binti wa Musonda alifanya test ya kazi kwa simu, kule Kolwezi. Test ya Kiingereza. Ilikuwa ni Tantine."

Nilisukuma sahani. Akaendelea haraka. Falonne alikuwa mwangalifu, hakutaja mtu wala mahali, akapata arobaini na mbili. Lakini tangu siku niliyoandika Hapana, programu ilikuwa imewekewa sauti ile ya namba ya Mumba na kuambiwa imtafute mwenyewe. Ilimtafuta katika kila chuo na kila ofisi inayoitumia.

"Leo asubuhi imenileteya swali ku ekra ya mashini. Ile sauti ya Kolwezi na ile ya Mumba, ni mutu moja?"

"Umejibu nini, Paluku?"

"Nilikuwa nataka kufinya Hapana, mama. Nakuapia. Ile swali ikajifunga yenyewe. Ikaandika: asante, jibu limepatikana."

Nilikata, nikapiga namba ya Falonne. Iliita mara nne, ikapokewa. Nilisikia gari likitembea kwenye changarawe na mtu akipumua karibu na simu. Hakusema allô, nami sikuthubutu kuuliza kama ni yeye.